Kabla Hujaiwasha Seva ya Ujiji

Buyenzi, Bujumbura
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Shemeji yangu Anouar,

Assalaam aleikum. Nakusalimu wewe, namsalimu Mama, nawasalimu wote walio chini ya dari lenu hapo Ujiji. Miguu ya Mama imepunguza kuvimba? Na kile kikohozi ulichoondoka nacho hapa baada ya arobaini, kimekuacha? Huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mtoto anaendelea. Ijumaa mama yangu alimpeleka kupimwa, amefika kilo nne na nusu, na ameanza kufuata mwanga wa dirisha kwa macho. Jina la Mama yenu linamkaa vizuri. Majirani wakiingia wanamwita Bibi Kudra na kumwuliza kama amelala salama, naye anapiga miayo kama mtu mzima aliyechoshwa na maswali.

Ujumbe wako wa wiki iliyopita niliupata. Umeniomba nikuandikie hatua kwa hatua jinsi nilivyoipanga seva ya kliniki, ile inayolinda friji ya damu, kwa kuwa zahanati yenu imepewa friji kama hiyo na wewe ndiye uliyeitwa kuwatengenezea. Umesema ungependa kazi ambayo dada yako Sumaya aliiona ikianzia mezani kwake iwafae na watu wa kwao. Umeniambia pia kwamba barua yako ya malalamiko dhidi ya muuguzi Concilie imefika, na kwamba Alhamisi kamati ya kliniki itakapokaa, hutaki mtu amwonee huruma. Unataka afukuzwe, na kesi iende mbele.

Sikukujibu kwa simu, kwa sababu ninayotaka kusema ni marefu na ungenikata kabla sijafika mwisho. Barua hii anakuletea Hamimu, yule dereva wa lori la sabuni, anavuka mpaka kesho. Atakukabidhi mkononi. Nakuomba uisome yote kabla hujaiwasha seva ya Ujiji.

Nianze na ulichoniomba. Kompyuta ikiwa kuukuu si neno. Yangu niliitoa stoo ya kliniki, kibodi yake haikuwa na herufi R, na mpaka leo inafanya kazi. Futa kila kilichomo, weka Linux tupu, usiweke programu yoyote usiyoihitaji. Usiiendeshe kazi yako kwa akaunti ya msimamizi. Ifungulie akaunti yake yenyewe, isiyoweza kugusa kitu kingine. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo, mimi niliyekuwa na cheti changu cha A2 tu, cha sekondari ya ufundi wa umeme, na nisiyejua programu ni nini. Nenosiri usilibandike kwenye skrini, hata wakikuomba. Tafuta betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, na uichomeke kwenye njia ya umeme isiyo ya friji. Hapo nilifanya vizuri.

Programu yenyewe ni fupi. Kila baada ya dakika tano inasoma kipimajoto kilicho ndani ya friji na kuandika namba kwenye faili pamoja na saa. Joto likipita nyuzi sita, mstari mmoja wa mwisho unatuma ujumbe kupitia modemu kwenda kwenye simu ya zamu ya wodi ya wazazi. Niliiandika kwa wiki tatu kwenye meza ya kulia chakula. Sumaya alikuwa anachambua mchele upande wa pili, na vijiwe alivyovitoa alivipanga kwenye ukingo wa meza, kimoja kimoja. Kompyuta ikilia kwa kosa alikuwa ananiambia bila kuinua kichwa kwamba mke mwenzake ana njaa tena, niende kumhudumia. Siku ilipofaulu kutuma ujumbe wa kwanza, ulikwenda kwenye simu yake, nayo ilikuwa mfukoni mwake. Alishtuka, vijiwe vikamwagika, tukacheka mpaka mama yangu akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

Fanya pia nakala za akiba. Kwangu kila siku saa saba mchana seva hunakili mafaili yake yote, pamoja na programu, kwenye diski nyingine iliyo chumba cha mtunza dawa, na kila nakala ina tarehe yake. Usiiache hatua hiyo. Nitairudia mbele.

Sasa nikueleze habari za Concilie, kwa sababu wewe ulimwona siku ya mazishi tu. Ni yule mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyesimama mbali, karibu na ukuta. Amefanya kazi wodi ya wazazi miaka kumi na tisa. Kabla ya mashine yangu, kwenye mlango wa friji kulikuwa na karatasi. Kila saa mbili muuguzi wa zamu alifungua, akasoma kipimajoto, akaandika namba na kutia sahihi. Mimi ndiye niliyeiondoa karatasi hiyo. Nilimweleza Dokta Cirimwami, mkurugenzi, kwamba wauguzi wengine wanaandika nne, nne, nne bila kuangalia, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba mashine haichoki wala haidanganyi. Concilie alikataa mbele ya watu wote. Alisema, kwa Kiswahili chake cha hapa kwetu, kwamba macho yake hayana betri ya kuisha. Watu walicheka, na mimi nilicheka pamoja nao. Karatasi iliondoka jioni ile.

Baada ya hapo simu ilianza kumtesa. Umeme wetu unaujua, na mafuta ya jenereta hayapatikani kila siku. Kila umeme ulipokatika kidogo, friji ilipanda nyuzi moja, ujumbe ukaenda. Siku moja zilikwenda jumbe thelathini na nane. Alinikuta koridoni akaninyooshea simu usoni. Aliniambia, we Karimu, iyi mashini yako ni kama mukwe mubaya, inaita, unakimbia, unafika, haina neno. Lakini aliendelea kukimbia. Nilimwahidi kuirekebisha isubiri dakika ishirini kabla ya kuita. Shemeji, hilo lifanye mwanzoni kabisa, kwa maana kengele inayolia bure inawafundisha watu kutoisikiliza. Mimi niliahidi, sikulifanya.

Ile siku unaijua, ila nitakuandikia kwa mpangilio, kwa kuwa hujapata kuisikia hivi. Alfajiri saa kumi na moja umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, na swichi ya njia ya maabara ikaanguka. Taa za wodi zilikuwa zinawaka, feni zinazunguka, redio ya mlinzi inaimba. Friji ya damu peke yake ndiyo ilikuwa imezima. Saa mbili asubuhi nilimfikisha Sumaya. Alitembea mwenyewe kutoka getini, amevaa zile ndala za kijani, analalamika kwamba nimesahau chupa ya chai. Concilie, aliyekuwa na simu ya zamu siku hiyo, alimpokea, akamtania kwamba leo bwana mashine atajua kengele ya kweli ikoje. Saa saba na nusu mtoto alizaliwa, nikamsikia nikiwa nje. Saa nane damu ya Sumaya ilikuwa haikatiki.

Astère wa maabara alikwenda mbio kuchukua mifuko miwili ya damu ya kundi lake, ambayo ilikuwepo, iliandikwa kwenye orodha. Alifungua mlango wa friji, akaniambia baadaye kwamba alijua kabla ya kuangalia namba, kwa sababu ubaridi haukumpiga usoni. Ilikuwa nyuzi kumi na tisa. Damu ya namna hiyo haiwekwi kwa mtu. Gari la kliniki lilitumwa kutafuta nyingine, lakini dereva alianza kwa kuomba mafuta kwa wenye magari uani, dumu mkononi, na damu ilipofika ilikuwa saa kumi kasorobo. Dada yako alikuwa ameshaondoka. Niliingia nikakuta Concilie amemshika miguu kwa mikono miwili, anaisugua ipate joto, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Kamati iliuliza swali moja: kwa nini hakuna aliyejua kwamba friji imezima kwa muda wa saa tisa nzima? Wakanitaka mimi, mtu wa mashine, niandike ripoti. Niliandika kwamba mashine ilifanya kazi kama kawaida na ujumbe ulitumwa kwenye simu ya zamu. Concilie aliapa kwa Biblia kwamba simu haikulia. Wakamwambia labda aliizima kwa kuchoka nayo, kwa sababu wote walikuwa wamemsikia akiitukana. Wakamsimamisha kazi. Wewe uliposoma ripoti yangu ndipo ukaandika malalamiko yako.

Anouar, ripoti ile ni ya uongo. Simu haikulia. Mimi ndiye niliyeizuia.

Siku kumi na moja kabla ya siku hiyo, wageni waliotoa friji walikuja kuiona. Dokta Cirimwami aliniita asubuhi akaniomba, kwa upole, nihakikishe simu haitalia wakiwa wamesimama pale, maana watadhani friji yao ni mbovu na sisi tutapata aibu. Unajua tunavyoogopa aibu ya mgeni. Nilifungua programu moja kwa moja kwenye seva, nikaweka alama ya reli, ile #, mbele ya ule mstari wa mwisho, ili mashine iupite bila kuusoma. Nilijiambia ni kwa saa mbili. Sikuandika popote. Wageni walikuja, wakapiga picha, mmoja akanishika bega, akasema vijana kama mimi ndio wanaotakiwa. Tulikula mishikaki, tukanywa Fanta. Nilikwenda nyumbani na kipande cha keki kwenye karatasi kwa ajili ya Sumaya, akala krimu yote kwa kidole na kuniachia mkate. Nilikuwa na furaha. Ile alama sikuikumbuka tena.

Siku kumi na moja simu haikulia hata mara moja, na kila mtu alifurahi. Concilie aliniambia asante, bila shaka nimeitengeneza kama nilivyoahidi. Nilimjibu ndiyo. Nilidhani umeme umetulia. Nilitengeneza mashine ambayo ukimya wake ulimaanisha salama, kisha mimi mwenyewe nikaifunga mdomo. Nimefungua faili la siku ile. Mashine iliona yote. Saa kumi na moja na nusu, nyuzi tano. Saa moja, nyuzi nane. Saa tatu, wakati Sumaya anatembea koridoni akishika ukuta, nyuzi kumi na mbili. Iliandika kila dakika tano kwa utaratibu, mpaka kumi na tisa, na haikumwambia mtu.

Niligundua siku ya tatu baada ya mazishi. Nilikwenda kliniki kuchukua ndala zake na kitambulisho, nikapita kwenye seva kwa mazoea tu. Niliiona ile alama. Watu walikuwa nyuma yangu mlangoni wanasubiri kunipa pole. Niliifuta, nikahifadhi faili, nikageuka, nikapokea pole zao. Usifikiri nilimwogopea mtoto, wala jela. Nimejiuliza sana na jibu ni dogo kuliko hayo. Watu walikuwa wananishika mkono, wewe ulikuwa unalala chumba kimoja na mimi, unaniita ndugu yangu, nami nilitaka muendelee. Ripoti ilipotakiwa, nilikuwa nimeshachelewa siku tisa, basi nikaandika uongo ulionyooka.

Ile diski ya chumba cha mtunza dawa ina nakala za programu za kila siku, tangu wageni walipokuja mpaka nilipoifuta ile alama, na kila moja ina alama yangu. Mara mbili nimekaa mbele yake niifute. Mara ya pili nilikuwa nimeshaiandika amri yote, imebaki kubonyeza tu. Niliinuka nikaichomoa. Iko hapa nyumbani, ndani ya bahasha, na Alhamisi nitaiweka mbele ya kamati pamoja na ripoti mpya.

Jumamosi nilikwenda Mutanga Nord nyumbani kwa Concilie. Alikuwa uani anafua mashuka. Aliponiona alikausha mikono haraka, akaniletea kiti, na kabla sijafungua mdomo akaanza kuniomba msamaha. Hilo sikulitarajia. Alisema amefikiri siku zote hizi, amefikia mahali anaamini kwamba huenda simu ililia kweli na yeye hakuisikia, kwamba masikio yake yamezeeka, kwamba wakati mwingine usingizini anaisikia. Aliapa kwa Biblia mbele ya kamati, na sasa anaogopa kwamba aliapa uongo. Alikuwa amekwenda kuungama.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia alama, wageni, siku kumi na moja, ripoti. Alivua miwani. Aliniuliza kama simu haikulia. Nikasema haikulia. Akaniuliza tena, nikajibu tena, na mara ya tatu hakuwa ananiuliza mimi. Kisha akaniambia kwamba watoto wake wanaambiwa shuleni mama yao ameua mtu, na kwamba yeye mwenyewe, walipomwuliza, aliwajibu kwamba huenda ni kweli. Hakunitukana. Aliwaita, Bonfils ambaye karibu atamaliza sekondari, na Nella ambaye ana miaka kumi. Akaniambia, basi, waambie weye.

Niliwaambia. Nella alikwenda kusimama nyuma ya mama yake akashika kitenge chake. Bonfils aliniuliza kwa nini sikusema. Aliuliza kwa adabu, akiniita baba mdogo, kama anayetaka kujua njia. Concilie aliniuliza mtoto wa Sumaya ana kilo ngapi. Nikamwambia. Akasema ni vizuri, kisha akasema niende, na Alhamisi nisichelewe.

Kwa hiyo ninayokuomba ni haya. Malalamiko yako usiyafute, badilisha jina. Andika langu. Ukitaka kuja mwenyewe kuyasoma, kikao ni saa tatu asubuhi, na Hamimu anarudi Jumatano. Kuhusu mtoto, Mama ana haki naye kuliko mimi. Akimtaka, nitamleta mimi mwenyewe Ujiji na nguo zake zote, kama Alhamisi wataniacha nitoke. Wasiponiacha, mama yangu atamleta. Msinifikirie mimi katika hilo.

Na seva yenu, itengeneze. Isipotengenezwa mwingine atakufa kwa njia nyingine. Lakini fanya hivi. Usiguse programu ndani ya seva inayofanya kazi. Badilisha kwako, ijaribu, ndipo uipeleke, na kila badiliko liandike: tarehe, sababu, jina lako. Ukilazimika kunyamazisha kengele, iandikie saa ya kujiamsha yenyewe, usiutegemee moyo wako. Kila asubuhi mashine itume ujumbe kusema niko hai, na wafundishe wauguzi kwamba siku ujumbe huo usipofika ndiyo siku ya kukimbia. Kila wiki chomoa friji kwa mkono wako, mbele yao, mpaka simu ilie. Na ile karatasi ya mlangoni, Anouar, iache mahali pake. Waandike kwa kalamu. Hata wakiandika nne, nne, nne, kuna mtu atakuwa amefungua mlango.

Nisalimie shangazi zako, na majirani waliotuletea dagaa siku za matanga. Nisalimie na Mama, lakini barua hii usimsomee. Mwambie tu kwamba nina neno naye, na kwamba nitakuja kumwambia kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama.

Mungu akupe subira, na usijilazimishe kunijibu.

Ni mimi,
Karimu, aliyekuwa mume wa dada yako